Nani Avute Kitambaa

Kijiwe chenyewe si kitu cha kutisha. Ni benchi moja refu la mbao kwenye kona, jiko la mkaa, birika mbili za kahawa, na vikombe ambavyo hupungua kila mwezi bila mtu kukiri kuvunja. Nyuma yake kuna kinyozi, mbele yake kuna barabara, na ng'ambo ya barabara ndipo lilipokuwa soko la ghorofa kabla halijaungua. Mwenye birika ni mwanamke wa makamo ambaye wakubwa kwa wadogo wanamwita Dada. Siku nyingine yoyote ungemkuta ameinama anapuliza mkaa huku akimsema mtu. Asubuhi hiyo alisimama wima ndani ya gauni jeusi la kuazima lililombana kwapani, na roho yake haikuwa kwenye kahawa hata kidogo.

Moto ule kila mtu aliusikia. Bendera zilishushwa nusu mlingoti, redio zikapiga nyimbo za maombolezo, na wakubwa wakawa wanapishana kwenye majivu. Wa mwisho kufa alikuwa askari wa zimamoto, mdogo wake Dada, kitinda mimba wa kwao. Aliingia mara ya kwanza akatoka na watu, akaingia tena akatoka na watu, na alipoingia mara ya tatu paa likashuka. Sasa serikali ilikuwa imemjengea mnara palepale, na mheshimiwa waziri alikuwa njiani kuja kuuzindua. Mnara ulifunikwa kitambaa chekundu, na wa kukivuta alikuwa Dada. Avute, apeane mkono na mheshimiwa, ashukuru, basi. Hivyo ndivyo alivyoelekezwa na mtu wa itifaki, kijana wa tai na viatu vilivyochongoka, aliyemweleza kwa upole kabisa kwamba hata kulia ni ruksa, mradi asianze mpaka kamera ziwe tayari.

Dada alikuwa bado hajaamua. Asipokwenda, watu watasema familia ile haina shukrani, na mama yao mzee, aliyekaa nyumbani sikio kwenye redio, ataumia. Akienda, atawashukuru vipi watu hawa? Mdogo wake alizima moto miaka yote na glavu zilizoshonwa kwa uzi wa viatu, tena zimeshonewa papo hapo benchini, na hakuna mkubwa aliyewahi kuuliza mkono wake umevaa nini. Kila akijaribu yale maneno ya shukrani kimoyomoyo yalikuwa yanamkwama.

Kijiweni, bila shaka, walikuwa wameshamwamulia. Spika, yaani kinyozi, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuna mjadala aliouacha uishe bila kuufunga yeye, alisema aende, tena anyooshe shingo. Dokta, fundi viatu, aliyejipa cheo hicho mwenyewe kwa madai kwamba viatu navyo ni wagonjwa, alisema asiende hata akitumiwa gari. Wa tatu alikuwa mwashi, jina lake la kijiweni Zege, na huyo ndiye aliyeujenga mnara wenyewe kwa mikono yake. Alishika kikombe kitupu akawa anakizungusha, na wenzake wakadhani fahari imemzidi.

Wakabishana weee, mwisho wakamsahau Dada kabisa, mada ikawa ni wakubwa na misiba.

— Kila mkubwa ana kabati la mabuti, Dokta alisema. Kuna buti za mafuriko, kuna buti za moto, kuna za maporomoko. Mimi ni fundi, soli hainidanganyi. Siku ile walivyokuja hapa, soli zao hazikuwa zimewahi kukanyaga hata kokoto.

Spika akamwambia mabuti ni kitu kidogo sana, ajaribu kufikiria mambo makubwa. Kwa utafiti wake, hotuba ya msiba ni moja tu nchi nzima, imefungiwa ofisini kwenye sefu, na inatolewa likitokea jambo. Wanachobadilisha ni sehemu ya jina la balaa. Ndiyo maana mwaka wa mafuriko kuna mkubwa aliyewaambia waliozama kwamba moto ni adui wa maendeleo.

Dokta hakukubali kushindwa. Akaja na chuo. Kipo, alisema, na shemeji yake amewahi kupeleka mchanga huko: chuo cha kufundishia wakubwa kuhuzunika. Mwaka wa kwanza wanajifunza kushika kifua, wa pili kuinamisha kichwa bila kofia kudondoka, wa tatu kumkumbatia mjane bila kumwaga poda yake kwenye koti. Wanaofeli wanapelekwa wizara ya michezo.

Hapo Dada alicheka, bila kupenda. Spika alipoona mwenzake kapata kicheko, akavuta pumzi akatoa uongo mkubwa kuliko wote. Alisema minara yote ya mashujaa nchini ni mnara mmoja. Wanaubeba kwa lori kutoka msiba mmoja hadi mwingine, wanaufunika kitambaa, wanapiga picha, wanaondoka nao.

— Huu si wa lori, Zege alisema. Huu nimeujenga mimi.

Alisema hivyo kwa unyonge sana, si kama mtu anayejisifu. Dada akamtazama. Kabla hajamuuliza ana nini, mgeni akaingia kijiweni.

Alikuwa mwanamke mrefu aliyevaa sare ya zimamoto, begani amebeba ufunguo wa chuma mrefu kama mchi. Akasalimia vizuri, akaomba kahawa, akajitambulisha: yeye ni dereva wa gari la zimamoto, kahamishiwa kituo cha hapa wiki hii. Kazi yao ina desturi yake, akawaeleza. Dereva mgeni hapewi usukani kabla hajatembea mitaa yote kwa miguu na kulishika kwa mkono wake kila bomba la maji ya kuzimia moto, ili siku ya moshi alipate hata macho yakiwa hayaoni. Mtaa mzima alikuwa ameumaliza. Ilibaki kona hii tu.

— Samahani wakubwa zangu, akasema. Bomba la hapa liko wapi?

Spika alifungua mdomo kwa mazoea, kisha akaufunga. Dokta akajifanya anatafuta kitu kwenye sanduku lake la misumari. Kijiwe kilichokuwa na majibu ya serikali nzima kikakosa jibu la mahali bomba lilipo, ingawa wote walikuwa wanalijua kama wanavyojua milango ya kwao.

Lilikuwa ng'ambo, mbele ya soko, chini ya mfuniko wa chuma. Mdogo wake Dada ndiye aliyewapa taabu nalo. Kila Jumamosi, hata akiwa mapumziko, alikuja na ufunguo wa aina ile ile, akawaondoa wachuuzi walioweka meza juu ya mfuniko, akalifungua bomba ajue kama lina nguvu. Maji yaliruka, wateja wa Spika wakaloa na nywele nusu zimenyolewa, na kijiwe kizima kikamtukana. Yeye alicheka tu, akafunga, akaja kunywa kahawa ya bure. Siku ya moto ndilo bomba lililotoa maji. Soko halikuokoka, lakini nyumba za nyuma zilipona, hospitali ikapona, na benchi hili wanalokalia likapona. Baada ya hapo eneo likazungushiwa mabati kwa ajili ya ujenzi, na mabati yalikuwa yameondolewa alfajiri ile ile. Dada alitazama ng'ambo, akapima kwa macho kutoka kwenye mti wa pembeni ya soko hadi ukingo wa barabara, kisha akamgeukia mwashi.

— Zege, akasema. Mjibu mgeni.

Zege akaweka kikombe chini.

— Liko chini ya mnara, Dada.

Akawaeleza, macho yakiwa kwenye vidole vyake vya miguu. Mahali pa mwanzo palikuwa pembeni, karibu na mti. Wakaja watu wa itifaki na wapiga picha, wakasema hapo jua litampiga mheshimiwa machoni, msingi usogezwe. Ukasogezwa mpaka ukakaa juu ya mfuniko. Zege alimwambia msimamizi kwamba hapa kuna bomba. Msimamizi akamwambia yeye ajenge, watu wa maji watakuja kulihamisha. Akajenga, akawasubiri watu wa maji. Hawakuja. Akaweka vigae.

— Na ulinyamaza, Dada alisema.

— Nilinyamaza.

Spika, kwa kuwa ni Spika, akashauri busara itumike. Shughuli ipite kwanza, mheshimiwa aheshimiwe, halafu watu wachache wenye kauli nzuri waende ofisini. Dokta, kwa mara ya kwanza mwaka ule, akaungana naye, akasema kweli, mambo haya yana ngazi zake. Yule dereva aliwasikiliza wote wawili mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akauliza kitu kimoja.

— Pakiwaka leo mchana, mimi nichote wapi? Bomba linalofuata liko mbali, mipira yetu haifiki.

Dada aliwaza wodi ya wazazi pale hospitalini, ukuta wake unaonekana kutoka hapa benchini. Alimwaza mama yake na redio. Alimwaza mdogo wake, aliyekufa kwa kurudi mara ya tatu, na sasa jina lake linawekwa juu ya maji yake mwenyewe ili yasitoke tena. Alikasirika mpaka mikono ikatulia. Tangu mazishi hakuwahi kujua anachotaka, na sasa alikijua chote.

— Nyundo yako iko wapi? akamuuliza Zege.

— Dada, mheshimiwa yuko njiani. Watanifunga.

— Nyundo iko wapi?

— Chini ya benchi.

— Itoe, twende. Wakikufunga, watanifunga na mimi. Nitakuja na birika.

Zege akasimama. Alionekana kama mtu aliyekuwa anangoja kutumwa tangu alfajiri. Akaivuta nyundo, wakavuka barabara, yeye na Dada na dereva, na baada ya kutazamana kidogo, Spika na Dokta wakafuata, Spika bado ana kitana mkononi.

Mtu wa itifaki aliwaona wakikunja pembe ya kitambaa chekundu akaja mbio. Alisema mengi, mengine kuhusu heshima ya taifa. Dada hakubishana naye. Alimwambia tu, mwanangu, kaa upande wa pili, vumbi hili halitakupenda. Kijana akamwita askari polisi aliyekuwa analinda viti. Askari akaja, mtu mzima mwenye tumbo, akamsikiliza dereva wa zimamoto akieleza kilicho chini, akautazama ukuta wa hospitali, kisha akageuka, akatembea hadi katikati ya barabara na kuanza kuongoza magari ambayo hayakuwapo.

Zege alijua alipoweka nguvu na alipobania. Hakuugusa mnara wenyewe. Alianza na pembe ya msingi, vigae vikaruka, zege likafuata, halafu matofali. Dada aliyapokea moja moja akayapanga pembeni karibu na mti, gauni la watu likapasuka kwapani na akaliacha lipasuke. Dokta alizoa kifusi kwa kofia yake. Spika alihutubia waliokuja kutazama mpaka Dada akampa tofali limfunge mdomo. Waliokuja kutazama nao wakaanza kuvuta mawe, na haikuchukua muda chuma kikalia chini ya nyundo.

Dereva akapiga magoti, akafagia mchanga kwa viganja, akainua mfuniko, akaingiza ufunguo wake. Haukuzunguka. Akajaribu tena, Zege akamsaidia, wakasukuma pamoja hadi mishipa ya shingo ikawatoka. Ukazunguka. Maji yalitoka kwanza mekundu ya kutu, yakakohoa, kisha yakaruka meupe juu ya vichwa vyao, yakamwagikia kitambaa, viti vya wageni na mtu wa itifaki pamoja na tai yake. Watu wakapiga kelele. Dada alisimama katikati ya maji akalia kwa sauti, alilia kama anavyolia mtu aliyefiwa na mtoto aliyemlea mgongoni, na hakuna aliyemnyamazisha. Dereva alipofunga bomba, Dada naye akafuta uso kwa mkono wa gauni, akainama kuendelea na matofali, kwa sababu nusu ya msingi ilikuwa bado juu ya mfuniko.

Hapo ndipo ving'ora vikasikika. Msafara ukaingia, milango ikafunguka, wapiga picha wakaruka chini kabla ya mwenyewe. Mheshimiwa akashuka ndani ya suti nyeusi na buti mpya, akaona maji barabarani, kitambaa kimeloa, mnara umesimama lakini msingi wake umeliwa upande mmoja. Akatafuta wa kumuuliza, macho yakaangukia kwa mwanamke aliyelowa, gauni limempasuka kwapani.

— Nani amewaruhusu kuvunja hapa?

— Huyu uliyekuja kumsifu, Dada akamjibu. Umejenga juu ya bomba lake, mheshimiwa. Mnara tunautaka, na jina lake tunalitaka. Lakini mnara unahamia pale karibu na mti. Kitambaa sivuti mpaka uhame.

Mheshimiwa akaanza kusema kuhusu tume. Dada alikuwa na tofali mikononi, lenye chokaa iliyolowa upande mmoja. Hakungoja tume iishe. Akamnyooshea.

Kamera zote zilikuwa zimewageukia. Mheshimiwa alizitazama, akaitazama suti yake, akawatazama watu waliosimama na kifusi mikononi. Akalipokea.

— Pale, Dada akamwonyesha kwa kidole. Na uharakishe, mengine yako hapa.