Maisha ya Marehemu Subiri Kwanza, Mlezi wa Ng'ombe wa Maziwa

Marehemu, ambaye karibu wote mliofika hapa mlimwita Subiri Kwanza, alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, kitindamimba wa fundi cherehani na mkewe. Alikuwa mtoto wa maswali mengi, na baba yake alizoea kumtania kwamba kwa ubishi huo angemchosha hata mchumba.

Alisoma msingi na sekondari karibu na nyumbani, akapata cheti cha mifugo mwaka 1996. Mwaka uliofuata aliolewa na kaka yetu, akakabidhiwa banda la ng'ombe wa maziwa la mama mkwe wake, yaani mama yetu. Hapo ndipo moto ulipowaka.

Banda lile lilisumbuliwa mno na ugonjwa wa kiwele. Kila ng'ombe aliyetoa maziwa yenye mabonge alichomwa sindano ya antibiotiki papo hapo, mpaka dawa zikaanza kugoma. Marehemu aliona kwamba viwele vyote vilifutwa kwa kitambaa kimoja, nacho ndicho kilichosambaza ugonjwa, akataka kila ng'ombe awe na chake.

"Yaani mimi mchafu?" mama mkwe akauliza. Wakanuniana.

Kisha akaugua ng'ombe ambaye mama alimpenda kuliko wote. Kiwele kilivimba upande mmoja. Mama akaingia bandani na sindano mkononi.

"Mchome."

"Subiri kwanza, mama. Anakula, hana homa. Maziwa yake yako maabara, tujue kwanza kama dawa itasaidia."

"Na akifa?"

"Akifa, mnirudishe kwetu."

Kaka yetu alisimama katikati yao, asijue amtazame nani. Marehemu aliichukua sindano mkononi mwa mama akaiweka dirishani, tayari endapo homa ingepanda, akabaki na ng'ombe yule, akimpima joto na kuukamua upande mgonjwa tena na tena. Aliogopa sana, kwani ndoa yake ilikuwa bado changa na neno lilikuwa limeshamtoka.

Kesho yake majibu yakaja: hakukuonekana kijidudu tena, mwili wa ng'ombe ulikuwa umeshinda wenyewe. Uvimbe ukashuka taratibu. Upande ule haukutoa tena maziwa kama zamani, na mama alimkumbusha jambo hilo miaka yote. Lakini vitambaa mama alivichemsha mwenyewe kila asubuhi, na sindano ikawa kitu cha nadra bandani.

Ndoa yao ilijaliwa binti na mvulana.

Januari 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya ini. Mama mkwe ndiye aliyemuuguza, wakizozana juu ya uji, mto na dirisha. Alifariki tarehe 2 Juni 2023, hospitalini, mama akiwa kando yake.

Ameacha mume, watoto wawili, dada mmoja na mama mkwe. Jana tulipomsomea mama maneno haya alisema, "Ugomvi wetu ulikuwa haujaisha. Sasa nitabishana na nani?"

Mungu ampokee, ampumzishe kwa amani.