Jiko Ni la Mke wa Ndugu Yenu

Sogezeni viti, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni, na wewe dereva zima hiyo simu, lori lako halitakimbia likuache. Dada yako nimemkalisha hapa kichwani pangu kwa sababu yeye ndiye kifungua mimba na ndiye atakayekasirika kwanza. Usinikatize, mwanangu. Leo nasema mimi, na mkishanizika mtabishana mpaka mchoke.

Mke wa marehemu ndugu yenu yuko jikoni anachemsha zambarau. Nimemtuma huko makusudi, maana ninayotaka kusema yanamhusu, na sitaki asimame hapo akiangalia chini kama mtu anayesomewa mashtaka. Mliyokubaliana nayajua. Kuta za nyumba hii ni nyembamba, na mgonjwa hana kazi nyingine ila kusikiliza. Mmesema nikishafumba macho mtampa nauli arudi kwao, kwa kuwa mumewe hayupo na hakumwachia mtoto, na chumba chake kiwe stoo ya vitambaa vya kushona vya huyu dada mtu. Basi kabla hamjafanya hivyo, mjue mnamfukuza nani.

Kabla hajaja hapa, achari yangu ilikuwa achari kama za wengine: karoti, kabichi, pilipili, siki na chumvi, basi. Watu walinunua kwa kuwa ni jirani yao. Ndugu yenu alipomleta, binti mwenyewe mwembamba, haongei, nilimpa kisu akate karoti nikamwona anazikata nyembamba kama njiti, nikasema huyu tutaelewana. Siku moja nimerudi sokoni nakuta amekamua pasheni, akazichuja mbegu, akachanganya maji yake na siki, akachemsha na sukari kidogo, akazimwagia karoti zangu zote. Nilipiga kelele mpaka fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akaja na nyundo mkononi akidhani tumevamiwa. "Mama, subiri zikae," ndiyo aliyosema. "Zikikushinda nitazila mwenyewe." Baba yenu, Mungu amrehemu, mtu aliyekuwa akinusa hata maji kabla ya kunywa, ndiye aliyefungua chupa ya kwanza, na alikula amesimama, kwa vidole, akaifuta chupa kwa mkate, kisha akauliza kama kuna nyingine.

Huo ndio mwanzo. Baada ya pasheni vikaja vitunguu vya zambarau, vile vyekundu ambavyo mwenye mkahawa wa stendi hawezi kufungua mlango bila kuwa navyo, yakaja matango na nanasi, koliflawa na ukwaju, maharage machanga na maganda ya chungwa. Mengine yalimshinda. Stafeli iligeuka uji, tukamwagia shimoni tukicheka. Wanawake wa mtaani wakamwita Bi Pasheni kwa kejeli, na hao hao sasa wanakuja na chupa zao tupu asubuhi, wanapanga foleni.

Mnasema ni achari ya mama. Nami kila mara nilisema ni ya mkwe wangu, mkacheka, mkaona ni unyenyekevu wa mzee. Sasa sikilizeni vizuri. Ile homa iliyonilaza mpaka nywele zikanyonyoka iliondoka na ulimi wangu. Tangu siku ile chumvi kwangu ni mchanga na sukari ni mchanga, na harufu ya siki inayowatoa nyinyi machozi mimi siisikii. Niliwaambia, mkasema ladha itarudi. Haikurudi. Aliyeonja kila sufuria iliyotoka jikoni humu ni yeye, na hajawahi kumwambia mtu.

Kifungua mimba, wewe unakumbuka. Mkwe wangu alipokwenda kumzika baba yake, mimi kwa ubishi nikasema kazi haitalala, nikatengeneza matango peke yangu kwa kukadiria kwa macho. Wewe ndiye uliyekula la kwanza, ukalitema dirishani, na mwenye mkahawa akarudisha kreti nzima akiwa kanuna. Mkwe wangu aliporudi, bado macho yamevimba kwa kilio, hakuuliza nani kafanya. Alimwaga maji yale, akayaosha matango, akayaloweka mpaka chumvi ikatoka, akachemsha maji ya nanasi na siki mpya, akapanga upya chupa moja moja. Mkahawa ukayachukua. Ndilo deni la heshima nililokula kwake, na sijawahi kulimaliza.

Halafu ndugu yenu akafa. Siwarudishi huko, kila mmoja ana lake la siku ile. Nasema tu kwamba watu walipotawanyika msibani, wewe dereva ulimwendea ukamwambia, "Shemeji, hapa kazi yako imekwisha." Ulikuwa na uchungu, ulitaka kumlaumu mtu, yeye ndiye aliyekuwa karibu. Nilimkuta mlangoni na sanduku lake, amefunga kitambaa kichwani. Unajua aliniambia nini? "Mama, karoti nimeshazikata ziko kwenye chumvi, usiziache zilale zaidi ya leo." Mtu aliyefukuzwa, anawaza karoti zangu zisiharibike. Nililichukua lile sanduku, nikatoa nguo zake nikazirudisha kabatini, nikapanga chupa tupu ndani yake nikalisukuma chini ya meza. Nikamwambia, "Haya, ondoka nalo sasa kama unaweza." Tulicheka wote wawili, tukalia.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Sasa yangu ni haya, na nimeshayasema mbele ya mwanasheria na ya jirani yetu mwalimu, kwa hiyo msije mkasema homa ilinisemesha. Wewe kifungua mimba, chumba cha mbele ni chako, weka cherehani zako, dirisha lake linapata mwanga mzuri. Wewe dereva, kiwanja kile cha nyuma ya ghala letu ni chako, jenga, uache kulala ndani ya lori kama mtu asiye na kwao. Jiko, na chumba kilichoshikana nalo, na sufuria kubwa, na chupa zote, na wateja, ni vya mke wa ndugu yenu. Si kwa huruma. Ni vyake kwa mikono yake.

Na bado ni mtu mzima mwenye damu. Akipata mume, msimpigie kelele za marehemu. Akiamua kuhama, achukue sufuria yake aende, mumsaidie kulibeba sanduku mpaka garini. Simpi jiko nimfunge nalo mguu.

Usilie, dereva. Unalia vibaya tangu utotoni, unajaza pua. Najua hukuwa mbaya. Tangu msiba hujamwita yule mwanamke hata mara moja, unasema "yule", unasema "huyo wa jikoni". Leo utamwita. Nataka nisikie. Sema, "Shemeji, mama anakuita." Hapana, hiyo umenong'ona. Sufuria inachemka kule, hatasikia. Tena.

Naam. Hivyo.

Ingia, binti yangu. Acha, usifute mikono, niione hiyo rangi, harufu yake siipati lakini rangi naiona. Zimechemka? Haya, zitapoa zenyewe. Nimeshawaambia. Kila kitu nimewaambia, usiangalie chini.

Nimechoka sasa. Mnizike mapema, jua halijawa kali, na watakaokuja wote wale washibe. Msikodi watu wa kulia. Mungu awape... awape usingizi mzuri, wote watatu. Awaondolee ugumu wa moyo. Mtoto wa mmoja akiugua, wote muwe mlangoni. Nawapa radhi yangu, hakuna ninayemdai neno.

Dirisha... liacheni wazi.

Kifungua mimba. Mwenzio kasimama. Mpishe wifi yako akae.