Pacha Aliyeitika Mara Mbili

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nasimama kuwasomea maisha ya kaka yetu, ambaye nyote mlimwita Daktari, ingawa jina hilo hakuzaliwa nalo wala hakulichagua.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, akiwa pacha wa pili, akaanza shule ya msingi mwaka 1968, dawati moja na pacha mwenzake, ambaye baba alimwita Daktari tangu hajaota meno, huku marehemu, asiyeweza kuona redio mbovu akaiacha salama, akiitwa Bisibisi.

Tarehe 2 Juni 1975 pacha yule wa kwanza alifariki kwa homa, na shule ilipofunguliwa mwalimu wa darasa, kwa mazoea, aliita majina yote mawili, marehemu akaitika yote mawili, na darasani hakucheka mtu. Jioni hiyo baba akamwita Daktari. Wanasema maneno huumba, nasi tuliyaona yakiumba, kwani mtoto yule aliyetumia mkono wa kulia alianza kuandika kwa kushoto, mkono na mwandiko ule ule wa nduguye, mpaka sisi wadogo tukaogopa kulala naye chumba kimoja.

Alihitimu udaktari mwaka 1987, akatibu watu kwa mkono huo wa kushoto bila kulalamika, na tarehe 14 Agosti 1993 akafunga ndoa na mkunga, wakajaliwa binti mmoja, na shemeji yetu anasema usingizini mumewe alikuwa akiitika kama mwanafunzi, mara mbili, kwa sauti mbili.

Oktoba 2012 figo zilimlaza, mkono wa kushoto ukafa ganzi, naye akaomba bisibisi, akaifungua kwa mkono wa kulia redio bubu ya wauguzi, ikaimba, akacheka kicheko tulichokisahau. Alifariki tarehe 3 Novemba, bisibisi ikiwa mkononi, na anazikwa nayo.

Lakini jana msibani baba alimwita mjukuu wake, binti wa marehemu, mwenye miaka kumi na mitano, Daktari, naye akaitika, na birika alilokuwa akimiminia chai likahamia mkono wa kushoto. Baba, kwa heshima zote, tunakusihi mbele ya watu hawa, jina hilo tulizike leo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake wote.

Pumzika kwa amani, Bisibisi.