Mama Eunice Wangechi Theuri na Usingizi Alioutafuta

Mama Eunice Wangechi alizaliwa tarehe 3 Agosti 1968 huko Wamagana, Tetu, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kingori na marehemu Mama Njoki.

Alisoma hapo Wamagana hadi darasa la saba, mwaka wa 1982. Siku moja mwalimu alimtoa nje kwa kuuliza maswali mengi. Akaendelea kuuliza akiwa dirishani.

Alianza kazi katika kiwanda cha kahawa, akigeuza kahawa ikikauka mezani. Mwaka wa 1994 alinunua mashine ya kufuma, akafungua kibanda Gatitu. Wengi walio hapa walivaa sweta zake za shule.

Mwaka wa 1991 alifunga ndoa kanisani na Bwana Theuri Mburu. Mungu aliwapa Shiku na Griffins.

Machi 2023 alipatikana na saratani ya matiti. Alivumilia maumivu, kichefuchefu na uchovu, lakini kilichomsumbua zaidi ni kukosa usingizi. Alitaka kujua sababu. Kwenye foleni ya kliniki aliwauliza akina mama wenzake, "Na wewe, unapata usingizi?" Wengi hawakupata, na hawakuwa wamemwambia daktari. Waliona ni jambo dogo mbele ya saratani.

"Basi mimi nitasema," akawaambia.

Nyumbani, dawa zake zote alipewa pamoja baada ya chakula cha jioni, kabla ya maombi. Aliyempa ni ndugu yake mdogo, Kinuthia, anayesoma wasifu huu. Kinuthia aliogopa dada yake asije akameza dawa bila ugali tumboni. Marehemu alipomweleza daktari hivyo kliniki, Kinuthia akiwa kando yake, daktari alichagua kidonge kimoja kati ya dawa hizo.

"Hiki kinamfanya mtu akae macho. Mama, kunywa chai asubuhi, halafu umeze."

Marehemu akamgeukia ndugu yake. "Kumbe ni wewe, Kinuthia! Na vile nimelaumu mbwa wa jirani!" Alicheka mpaka nesi akachungulia.

Usingizi haukurudi wote, kwa sababu maumivu yalibaki. Lakini wiki hiyo alilala usiku mmoja bila kuamka. Asubuhi akawapigia simu akina mama wa foleni, mmoja mmoja: "Ati unameza dawa saa ngapi? Muulize daktari!"

Saratani ilifika kwenye ini. Alituaga tarehe 9 Mei 2025, saa nane mchana, Shiku akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume wake, watoto wawili, wajukuu watatu na ndugu yake. Akina mama wanne wa foleni wako nasi hapa.

Apumzike kwa amani, dada yetu, na kitu chochote kisimwamshe.