Kiboko Aliyekalia Kiti

Sogeeni wanangu, sogeeni hadi hapa kitandani, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Wewe kifunguamimba, acha kutazama dirishani. Na wewe kitindamimba, kaa karibu naye, nduguyo si moto. Tangu tumzike mama yenu hamjasalimiana, nami nakufa katikati yenu kama nyasi chini ya fahali wawili.

Nyumba gawaneni sawa, hiyo hainikoseshi usingizi. Kinachonitafuna ni michoro yangu ya hadithi za Kiboko. Wewe mkubwa unataka kuwapa wale wachapishaji wanaosema Kiboko wangu apunguze upuuzi, kila ukurasa umalizikie kwenye funzo. Wewe mdogo umeibeba yote ukaifungia kwenye sanduku la bati, hata panya hawaioni. Mmoja anamchinja, mwingine anamzika hai. Nimlilie kwa nani?

Mmesahau alikozaliwa? Kitindamimba, ulifika darasa la tatu hujui kusoma hata jina lako, wenzako wanakuita Kobe, mwalimu anakusimamisha ukutani, ukawa ukiona sare asubuhi unajikojolea. Mama yenu akaniambia, "Baba watoto, huyu kitabu kinamtisha. Mchoree kitu cha kipuuzi." Nikamchora Kiboko amekalia kiti mpaka hakionekani, anauliza, "Kiti kiko wapi?" Kuku anamjibu, "Inuka!" Ukakazana, silabi kwa silabi, jasho likikutoka, kisha ukaangua kicheko hadi ukagaragara sakafuni. Mama yenu akatoka jikoni na unga mikononi, analia. Picha ulikuwa umeshaiona tangu mwanzo, mwanangu. Ulicheka kwa sababu umesoma.

Sasa nisikilizeni, pumzi inaniishia. Kifunguamimba, binti yako anaelekea miaka tisa na hajui kusoma. Usinikatize! Ukuta huu mwembamba. Kila jioni nasikia kiboko kikimlia mgongoni, na huyo si Kiboko wangu. Nawe mdogo, uliyeonja uchungu huo, unamnyima mtoto dawa kwa kumchukia baba yake. Hasira hasara, wanangu, na hasara hii anaibeba asiyejua mligombania nini.

Nawasihi, na mzazi hapaswi kuwasihi wanawe: sanduku lifunguliwe leo, kabla sijafumba macho. Mkubwa, vunja hiyo fimbo. Mdogo, mpakate mtoto, umsomee, umwachie naye asome, akikosea msicheke mpaka acheke yeye. Wachapishaji wakirudi, waambieni wachape kama nilivyochora, au waende zao.

Nipe mkono wako. Na wewe wako. Iwekeni pamoja… hivyo. Radhi yangu mnayo, nyote wawili, sawasawa. Mungu awape subira, awape… awape… lile neno… limenitoka.

Basi. Mwiteni mtoto aingie. Mwambieni asiogope kukosea… babu yake naye… maneno yanampotea.