Mama Yake Kiraka Kwenye Noti

Alhamisi asubuhi benchi la mbele ya kinyozi lilikuwa limejaa. Kesho yake noti ya zamani ya elfu tano, yenye mwanamke anayechuma pamba, ingekoma kutumika. Mpya ina daraja. Kiraka, fundi viatu wetu, alibaki na moja na hataki kuibadilisha. Kaiweka juu ya sanduku lake la kazi, kaikandamiza kwa nyundo isipeperuke.

— Huyu ni mama yangu, alisema. Mpiga picha wa serikali alimkuta shambani. Marehemu baba ndiye aliyeniambia.

— Mama wa nani! alidakia Mashine, kinyozi, wembe mkononi. Noti zinachorwa ng'ambo. Mchoraji kamchora mkewe, kamuongezea wino. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Imeingiaje hapo hiyo methali?

— Imeingia tu. Kunywa kahawa.

Karani, mstaafu wa posta, akavua miwani, akainama mpaka pua ikaigusa noti.

— Historia hamjui ninyi. Huyu mwanamume. Lione taya hilo! Ni waziri wa fedha wa enzi hizo, kajichoresha kwa siri, kajifunga kilemba wananchi wasimtambue.

— Waziri achume pamba?

— Ndiyo maana ikabidi kuchora.

— Mimi najua zaidi, Mashine akasema. Ukiishika juani, anakukonyeza. Shemeji yangu alikonyezwa, mshahara ukaisha siku mbili.

— Shemeji yako alikonyezwa na mwingine.

Tukacheka kahawa ikatupalia. Kiraka hakucheka.

— Chekeni. Atakayemgusa tena mama yangu, viatu vyake apeleke kwingine.

Pembeni alikaa dada mmoja, mgeni kijiweni, mguu mmoja peku, anasubiri ndara yake ishonwe.

— Samahani kaka zangu. Huyo mama yu hai?

— Yupo, Kiraka akajibu. Nyumbani, mtaa wa pili.

— Mmemuuliza mwenyewe?

Mashine akarudia kichwa alichokwisha kukinyoa. Karani akakoroga kahawa isiyo na sukari. Tangu baba yake afariki, miaka kumi na moja, Kiraka ametuhadithia sisi, wateja wake, hata mgambo. Mama yake, hata siku moja.

Akainyakua noti, akaondoka mbio, ndara ya watu mkononi.

Nusu saa baadaye akarudi, anatembea polepole.

— Ehe?

— Ni yeye. Kasema siku ile alikuwa na mtoto mgongoni, mtoto ana homa, analia. Kwenye noti wamemfuta.

— Mtoto gani?

— Mimi.

Mashine akauweka wembe chini.

— Pole, ndugu yangu, akasema. Kumbe serikali ilianza kukusahau mapema hivyo.

Kiraka akacheka, machozi yakimlengalenga.

— Na noti yenyewe?

— Kaitazama weee, kisha kanirudishia. "Nenda kaibadilishe, uje na sukari. Mimi niko hapa, unatazama karatasi?"

Akageuka, akashika njia ya benki. Dada akainuka, akamfuata akichechemea.

— Kaka! Ndara yangu!