Vidato Kumi na Tisa: Mkaguzi Wetu Anapumzika

Ijumaa ya tarehe 28, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkaguzi wetu wa majengo atarudisha kitambulisho na futikamba. Kitambulisho hatuna shaka nacho. Futikamba tutamwomba kwa upole.

Aliingia hapa akiwa karani wa masjala, akasomea ukaguzi jioni huku akilea mapacha. Alipofuzu alipewa kazi iliyokuwa imekimbiwa na wengi: kuhakikisha maduka madogo yaliyo kwenye majengo ya zamani yanafikika na watu wanaotumia viti vya magurudumu. Kwa kuwa kila mlango wenye ngazi aliutakia njia ya mteremko, wenye maduka wakambatiza Mama Mteremko, na mwanzoni hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Walidhani anakuja kuwafungia. Yeye alivuta kigoda, akasoma nao kanuni mstari kwa mstari. Nafasi ya mteremko isipotosha mbele, hutafutwa mlango wa ubavuni. Usipokuwepo, huwekwa kengele ya chini inayofikiwa na aliye kwenye kiti, na mhudumu hutoka nje. Muuza dawa mmoja aliyekuwa amekata tamaa aliambiwa, "Kanuni hii haikuandikwa ufunge duka, ndugu yangu. Imeandikwa ili upate wateja zaidi."

Hakuwa malaika. Kinyozi mmoja alijenga mteremko kama alivyoelekezwa, mvua ikanyesha, maji yote yakaingia ndani. Kesho yake mkaguzi alifika na buti za mpira na ufagio, akakiri kosa ni lake, akafagia maji mpaka saa sita. Tangu siku hiyo swali lake la kwanza popote lilikuwa: maji yanaenda wapi?

Lakini tutakalomkumbuka nalo zaidi lilitokea humu humu. Fundi cherehani mmoja, mwenye kutumia kiti cha magurudumu, alifuata leseni ya duka lake. Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, lifti haikuwepo, ikabidi amtume dada yake apande na karatasi. Dada alishuka na kupanda mara nne kwa maswali asiyoweza kuyajibu. Mkaguzi alipogundua, alishuka na faili, akalimaliza shauri kando ya barabara, karatasi zikiwa mapajani mwa fundi. Kisha akapima ngazi zetu, vidato kumi na tisa, akaandika ilani ya ukiukaji kama anavyoliandikia duka lolote, akaiweka mezani kwa mkuu wetu wa wakati huo.

Mkuu aliisoma mara mbili. "Hii unamwandikia nani?"

"Mwenye jengo, mkuu. Na mwenye jengo ni sisi."

Kwa jibu hilo mkaguzi alirudishwa masjala kwa miezi minane. Wengi wetu tulinyamaza, na hilo tunalisema leo kwa aibu. Yeye hakununa, kila mwezi aliandika ukumbusho mmoja, kwa heshima zote. Ukumbusho wa nane ulipofika, mkuu alishuka mwenyewe kwenye stoo ya chini, akaanza kutoa makabati. Tukavua makoti, tukamfuata. Wiki mbili baadaye dawati la wateja lilikuwa chini, na mkaguzi amerudi kazini kwake.

Siku hizi hakuna anayelazimika kuongea na ofisi hii kwa mdomo wa ndugu yake.

Dada yetu, ahsante kwa kutuandikia ilani tuliyostahili. Nenda kapumzike, ukalale mpaka jua likuamshe, uwafaidi wajukuu. Nasi tuliobaki, Jumatatu tunaanza ukaguzi wa mtaa wa maduka ya vitabu.